Goti Linapochakaa: Tuelewe Upasuaji wa Kubadilisha Goti

Somo la safari hii limetoka kwenu wenyewe. Katika kutembelea vikundi vya Mumias, Matungu na Shianda tumeulizwa swali moja mara nyingi, na wanaouliza ni wazee au watoto wao: "Daktari amesema mama abadilishwe goti. Ni kweli goti linaweza kubadilishwa? Na tukiuza kipande cha shamba, atatembea?"

Hilo la shamba ndilo linalotusumbua zaidi, kwa sababu shamba likishauzwa halirudi. Basi tumeona tulieleze jambo hili polepole tangu mwanzo, ili kikundi kikiletewa barua ya harambee ya goti kijue kinachangia nini, na mgonjwa naye ajue anaingia katika nini.

Kama kawaida, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Penye igizo, wawili wasome kwa zamu.

GOTI NI KITU GANI

Mkichinja kuku, tazameni mwisho wa mfupa wa paja lake. Mtaona ngozi nyeupe, ngumu kidogo, yenye kuteleza. Hiyo inaitwa gegedu. Sisi pia tunayo. Katika goti, mwisho wa mfupa wa paja unakaa juu ya mfupa wa muundi, na mbele yake kuna kile kifupa cha duara tunachokiita pia ya goti. Mifupa yote mitatu imevikwa gegedu pale inapokutana, na katikati kuna ute kidogo wa kulainisha. Mifupa yenyewe haigusani. Ndiyo maana mtoto anaweza kukimbia mchana kutwa bila kusikia lolote.

Shida ya gegedu ni kwamba haina mishipa ya damu. Kidonda cha ngozi hupona kwa sababu damu hukifikia. Gegedu ikichakaa haioti tena kama zamani. Huendelea kulika, mwaka baada ya mwaka, mpaka mfupa unasaga mfupa. Hapo goti hulia kokoko, huvimba, huuma usiku, na mguu huanza kupinda, kwa nje kama upinde au kwa ndani magoti yakagongana.

Watu wetu husema, "Mafuta imeisha kwa goti." Si mbali sana na ukweli, lakini si ukweli wenyewe. Ute bado upo. Mara nyingi hata umezidi, na ndio unaofanya goti livimbe. Kilichoisha ni gegedu. Tunasema hivyo kwa sababu kuna wanaoambiwa wale mrenda na bamia kila siku ili mafuta yarudi. Mrenda ni mboga nzuri, kuleni. Lakini ule utelezi wake huishia tumboni, hauteremki mpaka kwa goti.

Ni nini huchakaza goti? Umri, kwanza. Unene wa mwili. Ajali ya zamani, iwe ya mpira au ya boda boda. Ugonjwa wa viungo unaoshika vidole na magoti yote kwa pamoja. Usaha au kifua kikuu kilichoingia kwenye goti. Na kazi: kuchuchumaa, kupiga magoti na kubeba mizigo mizito kwa miaka mingi. Hapa kwetu hilo la mwisho lina uzito wake. Kijana aliyeanza kukata na kupakia miwa mwaka 1973, kiwanda cha Mumias kilipoanza kusaga, leo ana miaka sabini na kitu. Kiwanda kimeanguka, kikawekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, kikakodishwa mwishoni mwa 2021, lakini magoti yaliyobeba ile miwa bado tunayo majumbani. Na akina mama waliopalilia wakiwa wameinama, wakabeba maji na kuni, hawakuwa na hata kadi ya mfanyakazi.

KABLA YA KISU

Tunawaomba msiruke sehemu hii. Kubadilisha goti ni hatua ya mwisho. Kabla yake zipo hatua ambazo nyingine hazina gharama, na tumeona watu wakikimbilia harambee kabla ya kujaribu hata moja.

Kwanza mgonjwa apimwe vizuri. Aanze hospitali ya karibu, kama St. Mary's hapa Mumias au ile ya Kaunti kule Kakamega, apigwe eksirei akiwa amesimama. Akiwa amelala, mifupa huachana kidogo na picha inaweza kuonyesha goti zuri kuliko lilivyo. Na tahadhari hii msiisahau: goti likivimba ghafla, likawa jekundu na la moto, na mtu ana homa, hilo haliwezi kungoja siku ya kliniki. Huenda ni usaha ndani ya goti. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Pili, uzito. Watafiti wa Marekani waliwapima wazee wenye magoti mabovu wakaona kwamba kila kilo moja mtu anayopunguza mwilini huliondolea goti mzigo wa kilo nne katika kila hatua. Mama akipunguza kilo tano, goti linapumzishwa kilo ishirini kila anapokanyaga. Na mtungi wa maji wa lita 20 kichwani ni kilo 20 za kuongeza. Kama kuna baiskeli au toroli nyumbani, maji yapande huko. Kama hakuna, abebe kidogo kidogo, au vijana wabebe. Kwa nini mzee wa miaka 65 abebe maji na kuna mvulana wa kidato cha pili amekaa?

Tatu, mazoezi. Wengi hudhani goti bovu linataka kupumzishwa tu. Likipumzishwa sana, nyama ya paja huisha nguvu, na goti hubaki bila mshikaji. Zoezi lenyewe ni rahisi. Kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja mpaka ulale sawa mbele yako, uushikilie hapo ukihesabu polepole mpaka tano, uushushe. Fanya mara kumi kwa kila mguu, asubuhi na jioni. Zoezi la pili: kunja leso, iweke chini ya goti ukiwa umelala kitandani, uibane kwa goti kuelekea chini, uhesabu tano, uache. Mwanzoni itauma kidogo. Baada ya wiki sita au nane wengi huona tofauti. Kikundi kinaweza kufanya haya pamoja kabla ya kuanza mkutano, na tumeona kikundi kimoja cha akina mama kikiyafanya huku wakiimba.

Nne, fimbo. Hapa karibu kila mtu anakosea. Fimbo inashikwa kwa mkono wa upande MZIMA, si upande wa goti linalouma. Goti la kulia likiuma, fimbo ikae mkono wa kushoto, na iende mbele pamoja na mguu mgonjwa. Urefu wake upimwe mtu akiwa amesimama na viatu vyake, mkono umening'inia: kichwa cha fimbo kifike kwenye kiwiko kidogo cha mkono, pale saa inapovaliwa. Ikiwa ndefu kupita hapo inachosha bega, ikiwa fupi inamwinamisha.

Tano, dawa, na hapa tutakaa kidogo. Panadol na dawa ya kupaka yenye diclofenac ni mahali pazuri pa kuanzia. Vidonge vya diclofenac na ibuprofen vinasaidia, lakini si peremende. Mtu akivinunua dukani na kuvimeza kila siku kwa miezi na miaka, vinaweza kutoboa tumbo, kuharibu figo na kupandisha presha. Tunawajua wazee waliolazwa wakitapika damu, na chanzo kilikuwa ni vidonge vya goti. Vinywewe kwa ushauri, baada ya chakula, kwa siku chache.

Halafu kuna zile dawa za unga na vidonge visivyo na jina vinavyouzwa siku ya soko kwa kipaza sauti. Mama mmoja mjane alizitumia karibu mwaka mzima, akikopa pesa za mzunguko wa kikundi. Maumivu yalikwisha kweli, tena kwa siku mbili tu, na hilo ndilo lingetutia shaka sote. Baadaye uso ukafura ukawa wa duara, sukari ikapanda. Katika nchi nyingi dawa za namna hii zikipelekwa maabara zimekutwa zimechanganywa na steroidi kwa siri. Steroidi hutuliza maumivu haraka, lakini ikitumiwa hivyo hudhoofisha mifupa, huleta sukari na kuupunguzia mwili nguvu ya kupigana na magonjwa. Mtu aliyeizoea asiache ghafla kwa siku moja, maana hiyo nayo ni hatari. Aende na hiyo dawa mkononi akaionyeshe kwa daktari.

Sindano ya steroidi inayodungwa ndani ya goti na daktari ni jambo lingine, ni halali, na humpa mtu nafuu ya wiki au miezi. Lakini haidungwi kila mara, na kama upasuaji umepangwa isidungwe katika miezi mitatu ya mwisho, kwa sababu huongeza hatari ya usaha.

Mtu akishafanya haya kwa miezi kadhaa, na bado goti linamwamsha usiku, hawezi kufika hata kwa jirani, eksirei inaonyesha mfupa unagusa mfupa, hapo sasa mazungumzo ya kubadilisha goti yana maana.

IGIZO FUPI: SENJE ANAULIZA

(Senje amekaa nje ya nyumba, mguu ameunyoosha. Msichana wa kaka yake, ambaye ni nesi, amekuja kumsalimu.)

SENJE: Mwanangu, umekuja wakati mzuri. Hawa madaktari wanataka kunikata mguu.

MSICHANA: Hapana Senje, mguu haukatwi. Hata goti lenyewe halitolewi lote. Wanakwangua mwisho wa mifupa pale palipooza, halafu wanavika kifuniko kipya.

SENJE: Hicho kifuniko wanakitoa wapi? Kwa maiti?

MSICHANA: (anacheka) La, Senje. Ni cha kiwandani. Chuma juu, chuma chini, na plastiki ngumu katikati.

SENJE: Chuma! Na vile mvua ya huku inanyesha, si kitashika kutu?

MSICHANA: Hicho hakishiki kutu. Na kitakuwa ndani ya mwili, mvua itakipata wapi?

SENJE: Haya. Na nikilazwa usingizi, nitaamka?

MSICHANA: Wengi siku hizi hudungwa sindano ya ganzi mgongoni. Miguu inakufa ganzi, wewe uko macho. Unaweza hata kusikia wakigonga gonga.

SENJE: Nisikie wakinigonga mfupa? Afadhali nilale!

MSICHANA: Basi mwambie hivyo daktari wa usingizi, kuna dawa ya kukusinzisha. Usinyamaze tu kwa heshima.

SENJE: Na kupalilia je? Mvua ya Machi nikute niko shambani?

MSICHANA: Senje, nitakuambia ukweli. Kanisani utafika. Sokoni utafika, na maumivu ya usiku tunatumaini yataisha. Lakini kuchuchumaa kwenye mistari ya mahindi, hilo usilitegemee.

SENJE: (ananyamaza kidogo) Hilo walikuwa hawajaniambia.

NINI HUFANYIKA CHUMBA CHA UPASUAJI

Igizo limesema kwa ufupi, na sisi tuongeze kidogo. Fikirini fundi anayeezua bati lililooza na kupaua jipya, huku kuta za nyumba zikibaki. Daktari hupasua mbele ya goti, husogeza pia ya goti pembeni, hukata kipande chembamba cha mwisho wa mfupa wa paja na cha juu ya mfupa wa muundi, milimita chache mpaka kama sentimita moja. Anaweza pia kuunyoosha mguu uliopinda. Kisha mfupa wa paja huvikwa kofia ya chuma, mfupa wa muundi huwekwa bamba la chuma, na katikati plastiki ngumu inayochukua kazi ya gegedu. Mara nyingi vitu hivi hushikizwa kwa simiti maalumu ya mifupa. Kazi nzima huchukua saa moja mpaka mbili.

Jambo hili halikupatikana kwa siku moja. Mwaka 1890, kule Berlin, daktari Themistocles Gluck aliweka bawaba ya pembe za ndovu katika goti la msichana mwenye kifua kikuu cha goti. Pembe na kifua kikuu havikupatana, na kazi yake haikudumu. Ilipita karibu miaka themanini kabla daktari Frank Gunston, akifanya kazi Wrightington, Uingereza, kutengeneza goti la chuma na plastiki lililoshikwa kwa simiti, mwaka 1968. Mwaka 1974 John Insall na wenzake wa New York wakaanza kutumia goti ambalo mengi ya leo yanafuata mfano wake. Tunaeleza haya kwa sababu wapo wanaofikiri hiki ni kitu cha majaribio kinachojaribiwa kwa Waafrika. Sicho. Mamilioni ya watu duniani wanatembea nacho.

Hudumu muda gani? Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2019, uliotumia daftari za Australia na Finland, ulikadiria kwamba kati ya magoti 100, kama 82 bado yalikuwa mahali pake baada ya miaka 25. Hizo ni nchi zenye vifaa na ufuatiliaji mzuri, tukumbuke hilo. Mtu akiwekewa akiwa kijana wa miaka 40 na kazi ngumu, huenda akahitaji kupasuliwa tena uzeeni, na kupasuliwa mara ya pili ni kugumu na ghali kuliko mara ya kwanza. Ndiyo maana daktari humwambia kijana angoje.

Na sasa upande wa pili wa shilingi. Wengi hupata nafuu kubwa, lakini kama mtu mmoja kati ya watano hubaki na maumivu au hakuridhika na goti lake. Usaha huingia kwa mtu mmoja au wawili hivi kati ya 100, na ukiingia ni taabu kubwa, pengine chuma kitolewe. Damu inaweza kuganda kwenye mguu na kukimbilia mapafuni, kwa hiyo mgonjwa hupewa dawa ya kuzuia na husimamishwa mapema.

Ili kupunguza hatari hizo, kabla ya siku yenyewe mgonjwa atibiwe meno yaliyooza, vidonda vya miguu vipone, funza watolewe, sukari na presha vishuke, na mvutaji aache sigara. Mwenye virusi vya ukimwi asijifungie mlango mwenyewe. Kule Malawi, ambako walianzisha daftari la taifa la viungo vya bandia mwaka 2005, watu wenye virusi wamewekewa nyonga za bandia wakaendelea vizuri. La muhimu ni awe anameza dawa zake na vipimo viwe vizuri, na amwambie daktari bila kuficha.

NYUMBANI NDIKO GOTI HUPONEA

Kama mtasahau mengine yote, hii sehemu someni mara mbili. Tumeona goti lililopasuliwa vizuri likaharibikia nyumbani, si kwa ubaya wa mtu bali kwa upendo. Mgonjwa anarudi, anawekewa kitanda sebuleni, anaambiwa, "Mama pumzika, usiguse kitu." Mkwe mwema anamwekea mto chini ya goti ili lisiume. Siku zinapita, goti linakauka likiwa limekunjika kidogo, na halinyooki tena.

Mto usiwekwe chini ya goti. Uwekwe chini ya kisigino, goti lining'inie na kunyooka. Mgonjwa husimamishwa siku ile ile au kesho yake akiwa bado hospitali, kwa kushikilia fremu au magongo. Mazoezi ya kukunja na kunyoosha huanza hapo na huendelea mara kadhaa kila siku. Yanauma. Kwa hiyo ameze dawa ya maumivu aliyopewa kabla ya mazoezi, na awepo mtu wa kumtia moyo. Nyuzi hutolewa baada ya wiki mbili hivi. Kwa wiki sita za kwanza bado atategemea magongo au fimbo. Kufikia miezi mitatu wengi wanafanya kazi nyepesi za nyumbani. Uvimbe na joto kidogo vinaweza kuendelea miezi mingi, na goti hutulia kabisa baada ya kama mwaka mmoja.

Mguu huo usikandwe na mkandaji wa kienyeji, wala kidonda kisitiwe majani. Arudi hospitali mara moja akiona usaha, homa, kidonda kinachotoka maji bila kukoma, au nyuma ya mguu, pale kwenye shavu la mguu, pakivimba na kuuma. Akiishiwa pumzi ghafla au kifua kikimchoma, msingoje asubuhi.

Sasa lile la choo, ambalo watu wanaona haya kuuliza. Goti jipya hukunjika vya kutosha kukaa kitini na kupanda ngazi, lakini kwa wengi halikunjiki hadi kuchuchumaa. Na vyoo vyetu ni vya shimo. Hili lisipopangwa mapema, mgonjwa anarudi nyumbani na siku ya kwanza tu anakwama. Fundi anaweza kutengeneza sanduku la mbao lenye tundu, urefu wa kiti cha kawaida, kama sentimita 45, likakaa imara juu ya shimo. Wengine hutoboa kiti cha plastiki. Kinafaa, ila miguu yake isiteleze, na mtu mzito asikitegemee. Ukutani pigilieni mti wa kushikilia. Kikundi kimoja kilifanya kazi hii Jumamosi moja kabla mama hajarudi, wakapanga pia zamu ya maji na kuni kwa wiki sita. Kwa maoni yetu mchango huo ulikuwa mkubwa kuliko pesa walizotoa.

Kupiga magoti si haramu kwa goti jipya, lakini wengi husikia vibaya na huacha. Kanisani mtu wa namna hii akae au asimame wakati wenzake wanapiga magoti. Utaratibu wa Misa wenyewe unamruhusu asiyeweza kwa sababu ya afya, kwa hiyo jirani asimkazie macho.

WANAOSEMA "HAPANA"

Si kila mtu akubali upasuaji, na kukataa si ujinga. Mtakumbuka Baba Mtakatifu Fransisko. Mwaka 2022 goti lake la kulia lilimsumbua hata kuanzia Mei akaonekana kwenye kiti cha magurudumu. Safari ya Kongo na Sudan Kusini iliyopangwa Julai mwaka huo ikaahirishwa. Alieleza kwamba hakutaka kupasuliwa goti, kwa sababu dawa ya usingizi ya upasuaji wa utumbo wa mwaka 2021 ilikuwa imemwachia taabu. Akachagua sindano, mazoezi, fimbo na kile kiti. Mwisho wa Januari 2023 alifika Kinshasa, na baadaye Juba, akiwa kwenye kiti hicho hicho. Aliendelea na kazi mpaka alipofariki Aprili 2025. Alikuwa na madaktari wazuri, aliwasikiliza, kisha akaamua yeye mwenyewe.

Kwetu mara nyingi tunaona wanaoamua ni watoto. Mtoto wa Nairobi anapiga simu, "Mama lazima apasuliwe Agosti, nimepata likizo." Mtoto wa nyumbani anasema, "Mama ni mzee, pesa itapotea." Na mama mwenyewe amekaa pale pale, hakuna aliyemuuliza anataka goti la kufanyia nini.

PESA

Upasuaji huu hufanywa na madaktari wa mifupa katika hospitali kama ya Rufaa ya Moi kule Eldoret, Kenyatta kule Nairobi, na za misheni kama Kijabe na Kikuyu. Gharama ni ya mamia ya maelfu ya shilingi, na hutofautiana sana. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF imeondoka, na mahali pake pana SHA. Mtu hujiandikisha kwa simu, *147#, au kwa kusaidiwa kwenye kituo cha afya. Familia isiyo na mshahara hulipa kulingana na kipato ilichokadiriwa, isipungue shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, na hulipwa ya mwaka kwa pamoja. Ndiyo maana tunawashauri vikundi viweke akiba ya SHA kidogo kidogo katika mzunguko, isingojwe mpaka mtu augue.

Kabla ya kuuza chochote, mtu anayejua kuandika aende hospitali na daftari, aulize na kuandika majibu: SHA italipa kiasi gani, na nani anaomba idhini yake? Bei tuliyotajiwa ina lile goti la bandia ndani, au hilo ni bei yake peke yake? Siku za kulala ni ngapi? Mazoezi baada ya kutoka ni pesa ngapi, na yanaweza kufanyiwa Mumias au Kakamega? Nauli ya kurudi kliniki, mgonjwa na msaidizi wake? Daktari amefanya magoti mangapi mwaka huu? Hilo la mwisho watu huona ni kukosa adabu. Ulizeni kwa heshima. Daktari mzuri hachukii.

Harambee nyingi tulizoziona huhesabu bei ya kisu tu. Mgonjwa anarudi nyumbani, pesa imeisha, mazoezi hayafanyiki, na lile goti la thamani linakauka. Bajeti isiyo na nauli na mazoezi ya miezi mitatu bado haijakamilika.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Nani kati yetu, au nyumbani kwetu, anaumwa goti zaidi ya mwaka? Amepimwa wapi, na anameza dawa gani? Dawa hizo ziletwe zionekane.

2. Katika igizo, Senje alinyamaza aliposikia kuhusu kupalilia. Mnafikiri ataamua nini? Nani ana haki ya kuamua?

3. Mwenzetu akipasuliwa kesho, kikundi kitafanya nini kisichohitaji pesa? Pangeni zamu kwa majina.

4. Tazameni choo cha jirani yenu mzee. Mtaanza na kipi?

5. Mkutano ujao kila mwenye fimbo aje nayo, pamoja na msumeno mmoja wa kikundi. Tupime fimbo moja moja, mtu akiwa amevaa viatu vyake, na iliyo ndefu ikatwe pale pale.